Kola Iliyogeuzwa

Barua ya tatu iliingia Alhamisi asubuhi, kabla hata chai haijapoa. Ilikuwa fupi, ya heshima, imejaa maneno laini kama barua ya kuvunja uchumba: wanathamini sana ushirikiano, wanasikitika sana, ila kwa jinsi uchumi ulivyo... Kengele hakuimaliza. Ya kwanza, iliyotoka hotelini, ilianza hivyohivyo. Ya pili, ya wauza magari, pia. Sasa wauza samani nao walikuwa wanaaga. Ndani ya wiki tatu wateja wake wakubwa walikuwa wameinuka mmoja baada ya mwingine, kama wageni waliosikia sufuria inakwanguliwa jikoni.

Kengele halikuwa jina lake. Jina lake lilikuwa kwenye leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani, na huko ndiko lilikoishia. Walimpachika Kengele tangu shule ya msingi, kwa sauti iliyokuwa ikitoka darasani ikafika getini bila kuchoka, na sauti hiyohiyo ndiyo iliyokuja kumlisha. Alianza kwa kushika kipaza sauti mlangoni mwa duka la vyombo, akiita wapita njia. Biashara ilipohamia kwenye simu, naye akafunga virago akaifuata huko. Huu ulikuwa mwaka wa saba tangu afungue ofisi yake ya matangazo ya mtandaoni: chumba kimoja ghorofani, madirisha mawili yanayotazama barabarani, meza tatu, na ukuta mmoja mweupe pee wa kupigia picha.

Meza ya dirishani ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa pilipili na jicho la picha ambalo halijawahi kukosea. Meza ya pili ilikuwa ya Profesa. Huyu hakuwahi kuwa profesa wa chochote. Alikuwa mhariri wa gazeti kwa miaka ishirini na mbili, gazeti likafa, naye akaja kuandika maneno ya matangazo kwa Kiswahili safi kana kwamba kila nukta anailipia. Kumwambia Profesa aandike "xaxa" badala ya "sasa" ilikuwa sawa na kumwambia avue suruali hadharani.

"Tumebakiwa na nani?" wifi aliuliza, bila kuinua macho kwenye kompyuta.

"Magodoro."

"Magodoro peke yao?"

"Peke yao."

Wifi akashusha pumzi. "Basi angalau tutalala pazuri."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Nje hali ilikuwa inajieleza yenyewe. Duka la simu lililokuwa ng'ambo ya barabara lilikuwa limeweka ubao wa kupangishwa. Kinyozi wa chini alipunguza bei, kisha akapunguza viti. Watu walipita madirishani mwa maduka wakitazama kama watu wanaotazama picha za ndugu aliye mbali.

Jumatatu iliyofuata meneja wa kiwanda cha magodoro alipanda ngazi mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliketi, akakataa chai, akatoa karatasi. Kwenye karatasi palikuwa na picha ya godoro, bei kubwa iliyokatwa kwa mstari mwekundu, na chini yake bei ndogo. Juu kabisa: NUSU BEI, WIKI MOJA TU.

Kengele aliitazama ile bei ndogo. Aliitambua.

"Bosi, hii ndogo ndiyo bei yenu ya siku zote. Mimi mwenyewe nimeitangaza mwaka mzima."

"Naam. Na ndiyo maana watakuamini."

"Na hii kubwa imetoka wapi?"

Meneja akatabasamu. "Imetoka kwenye karatasi. Mama, hakuna anayeibiwa hapa. Mtu atalala kwenye godoro lilelile, kwa bei ileile, ila atalala akifurahi kwamba amepata punguzo. Kuna ubaya gani?"

Kengele aliwakumbuka watu waliokuwa wakimwandikia kwenye ukurasa wake usiku na mchana, wanawake wengi ambao hajawahi kuwaona, wakianza na neno moja: "Dada." Dada, hilo godoro kweli halibonyei? Dada, nina watoto wanne, ninunue lipi? Hawakumuuliza meneja. Walimuuliza yeye.

"Ubaya ni kwamba watakimbilia kukopa ili wiki isiwapite," alisema. "Mtu ana shida, halafu unamdanganya mpaka aongeze nyingine juu yake. Mimi hilo silitangazi."

"Hali hii si ya kuchaguachagua, mama."

"Ndiyo ya kuchagua hasa, bosi. Wakati wa neema nani anajua nani ni nani?"

Meneja alikunja karatasi yake taratibu, akaiweka mfukoni, akawaaga kila mmoja kwa heshima. Viatu vyake vilisikika ngazini, kisha vikaacha kusikika.

"Haya wifi," wifi alisema, "umemfukuza mteja wa mwisho."

"Amejifukuza."

"Sawa, amejifukuza. Na sisi tutakula huo uaminifu na mboga gani?"

Profesa aliinuka kwenye kiti chake, akavuka chumba, akampa Kengele mkono. Akaushika kwa muda. "Kwenye gazeti," alisema, "nilisubiri miaka ishirini na mbili kumsikia mkubwa wangu akimjibu mtu vile." Kisha akarudi kuketi.

Hapo ndipo Kengele aliposema jambo ambalo hata yeye hakujua kama analiweza. "Hapa haondoki mtu. Nipeni miezi mitatu."

Jumapili alikwenda kwa baba yake. Alitaka tu kukaa mahali ambapo hakuna anayemtegemea. Mzee alikuwa fundi friji kwa miaka arobaini, na ingawa sasa alikuwa amestaafu, Kengele alimkuta uani amepiga magoti mbele ya friji iliyofunguliwa mgongo, bisibisi mdomoni.

"Baba, si umestaafu?"

Mzee akatoa bisibisi. "Mimi nimestaafu. Friji zenyewe hazijastaafu. Hii ya tano wiki hii, mama. Zamani mtu friji ikikohoa ananunua nyingine. Siku hizi wananiletea hata zilizokufa kabla wewe hujaolewa."

Alimweleza habari za ofisi, wateja walioondoka na yule wa magodoro. Mzee alisikiliza akikaza skrubu. Kisha akatoa methali yake, ileile aliyokuwa akimtolea kwa miaka saba kila kazi yake ilipotajwa.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi sikuwahi kutangaza hata siku moja, na sikulala njaa. Nimekwambia, hiyo kazi ya kutembeza vitu vya watu kwenye simu haina mizizi."

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo ilimchoma, maana alikuwa amekwenda kutafuta kivuli, akakuta jua. Aliosha vyombo vya baba yake, akaaga.

Kesho yake, kabla ya kupanda ofisini, alipita kwa fundi cherehani aliyekuwa chini ya jengo lao. Alikuwa na shati jeupe la mumewe, mwalimu wa hesabu, ambalo kola yake ilikuwa imelika mpaka uzi unaonekana. Mwaka mmoja nyuma angelifanya tambara la kufutia meza. Sasa alilikunja vizuri kwenye mfuko.

Fundi huyo aliitwa Mkasi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kitambi anachokionea haya, miwani iliyofungwa uzi mweusi mahali pa mkono uliovunjika, na hasira za karibu. Kwenye benchi lake walikuwa wameketi watu saba na mafurushi.

"Foleni hii yote ya nini, fundi?"

"Viraka," Mkasi alisema bila kuinua kichwa. "Zamani nilikuwa nashona nguo mpya kumi, kiraka kimoja. Siku hizi viraka kumi, na hiyo mpya moja naiota. Lete hilo shati."

Alilitazama shati kama daktari. Kisha akachukua wembe, akaifumua kola yote, polepole, uzi baada ya uzi, mpaka ikabaki mkononi mwake kama ulimi uliokatwa. Akaigeuza. Upande wa chini, ambao haukuwahi kusugua shingo wala kuona jua, ulikuwa mweupe kama siku ulipotoka kiwandani. Akaurudisha juu, akapitisha cherehani mara mbili, akakata uzi kwa meno. Shati lilikuwa jipya.

Kengele alilishika akaligeuza huku na huku. Alikuwa ameishi miaka arobaini na mmoja bila kujua kwamba kola hugeuzwa.

"Watu wanajua hili?"

"Wazee wanajua. Vijana wanatupa."

Alisimama pale mlangoni kwa muda, mfuko mkononi, akilitazama lile benchi. Friji ya tano wiki hii. Viraka kumi kwa nguo mpya moja. Kwa wiki nne alikuwa akiamini kwamba pesa zimeyeyuka mjini, naye anapiga kelele kwenye nyumba tupu. Kumbe mto ulikuwa umegeuza njia tu, nao walikuwa wameketi kwenye ukingo wa zamani wakilalamikia mchanga. Watu hawakuwa wakinunua. Watu walikuwa wakitengeneza. Na wale waliokuwa wakitengeneza hakuna aliyewatangaza, kwa sababu hakuna aliyewahi kudhani kwamba ni habari.

"Fundi, nataka nikupige picha ukigeuza kola."

"Mimi si mwimbaji."

"Bure. Hunilipi kitu."

"Ndiyo kwanza naogopa."

Walibishana mpaka mwanamke mmoja kwenye benchi akasema, "Fundi, kubali bwana, tuendelee na foleni." Mkasi akakubali kwa sharti moja: kitambi kisionekane. Mikono tu.

Wifi alishuka na kamera, akanuna kidogo kwa kuambiwa afanye kazi ya bure, lakini alipoiona mikono ile kwenye kioo cha kamera alisogea karibu. Hakutaka muziki. Aliacha sauti ya wembe ukikata uzi na cherehani ikikimbia. Dakika moja na nusu. Profesa aliitazama mara tatu, akatembea mpaka dirishani, akarudi, akaandika maneno haya: "Shati lako halijafa. Limechoka upande mmoja tu."

Waliirusha Jumanne mchana. Ikakaa kimya saa nzima. Halafu mtu mmoja akamtumia mwenzake, mwenzake akawatumia ndugu zake, na kufika magharibi simu ya Kengele ilikuwa moto mkononi. Watu walikuwa wakiandika habari za mashati ya harusi, ya marehemu baba zao, ya kazi waliyoipoteza lakini bado wana usaili wiki ijayo. Hajawahi, katika miaka saba ya hoteli na magari, kusoma maoni ya namna ile.

Alhamisi asubuhi hakuweza kuingia kwenye jengo lake. Watu walikuwa wamejaa kutoka mlango wa Mkasi mpaka kona, kila mtu na mfuko, mmoja wao akiwa na mashati kumi na moja kwenye sanduku la kusafiria. Wengine walikuwa wameanza kufokeana. Mkasi alitoka mbio kumlaki, utepe wa kupimia shingoni, miwani imekaa upande.

"Binti! Mimi nilikuomba maji ya kunywa, wewe ukanifungulia bwawa! Hata maji yenyewe sikuomba! Nina mikono mingapi mimi? Hebu hesabu!"

"Miwili, fundi."

"Basi waambie hao!"

Hapakuwa na kipaza sauti, na simu isingemsaidia. Kengele alivua viatu, akapanda juu ya benchi, akavuta pumzi mpaka chini ya tumbo.

"Jamani! Nisikilizeni!"

Kona yote ikanyamaza. Hata mwendesha pikipiki aliyekuwa anapita aligeuza shingo.

"Mmekuja kwa sababu yangu, na mimi ndiye niliyekosea, si fundi. Niliwaita bila kupanga viti. Leo watashonewa kumi. Wengine wote mtapewa karatasi yenye siku yenu na saa yenu, na siku hiyo hamtasimama hata dakika tano. Najua mmetoka mbali. Lakini tuseme ukweli: shati hilo limekaa kabatini miaka mitatu, litashindwa kukaa wiki moja?"

Mtu mmoja akacheka, wa pili akafuata, na kelele zikalegea. Profesa aliketi kwenye ngazi akaandika karatasi mia moja na arobaini kwa mwandiko wake wa wino, mzuri kiasi kwamba mama mmoja aliuliza kama lazima airudishe. Wifi alisimama nyuma yake akipanga siku. Mpaka saa saba mchana barabara ilikuwa wazi, na Kengele alikuwa amebaki na sauti ya chura.

"Sasa," alimwambia Mkasi kwa hiyo sauti ya chura, "tunahitaji mafundi wengine."

"Hao?" Mkasi akageuza uso. "Yule wa kona anashona kama anafunga gunia. Yule wa sokoni, usiniambie."

"Basi wapime wewe. Anayefaulu kwako, namtangaza. Asiyefaulu, hata akinilipa, simtangazi."

Hilo lilimgusa Mkasi mahali ambapo wengi hawakujua kwamba anapo. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nitawapa kola moja kila mtu," alisema. "Na mimi nitakuwa nimesimama nyuma yao."

Walikuja tisa. Wa kona alishindwa, akaondoka akisema Mkasi ni mchawi. Watano walifaulu. Bora kuliko wote alikuwa mwanamke kijana aliyekuwa akishonea chumbani kwake, maana hakuwahi kumudu pango la duka. Alikuja amevaa gauni alilolishona mwenyewe. Mkasi aliichukua kola yake akaitazama mara tatu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaikunja, akaikunjua, akitafuta kosa kwa bidii kama mtu aliyepoteza pete.

"Nani alikufundisha?"

"Mama."

"Mwambie mama yako," Mkasi alisema, akairudisha kola kwa mikono miwili, "mwambie nimeiona kazi yake."

Kuanzia hapo ofisi ya juu haikulala tena. Mafundi viatu walikuja wenyewe. Wakaja mafundi saa, mafundi viti, mafundi bomba. Kila fani ilitafutiwa mzee mmoja mkali wa kupima, na kila kazi iliyopitia kwenye ukurasa wa Kengele ilimwachia fungu dogo. Lilikuwa dogo kweli, manyunyu tu ukilinganisha na mvua ya hoteli na magari. Lakini manyunyu yalinyesha kila siku, na ardhi ikalowa. Mwezi wa pili kila mtu alipata mshahara wake kamili. Wifi aliutazama wake kwenye simu, akasema, "Kumbe uaminifu una mboga," na asiseme zaidi, kwa sababu kwa wifi hayo yalikuwa mashairi.

Si kwamba hapakuwa na mikwaruzo. Fundi bomba mmoja aliyefaulu vizuri alikwenda kwenye nyumba ya watu akiwa na haraka, akaacha kiungo hakijakazwa, na dari ya chumba cha watoto ikaanguka. Hapakuwa na mtoto ndani, ila godoro na madaftari yalilowa yote. Wengine walimshauri Kengele afute malalamiko yale kwenye ukurasa. Badala yake aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, kilichotokea, nani alimtuma fundi yule, na kwamba dari inajengwa upya kwa gharama ya ofisi. Alimpelekea Profesa asome kwanza. Profesa aliongeza mkato mmoja, akasema, "Mengine yaache. Yamesimama." Wiki ile waliogopa simu zitakoma. Ziliongezeka.

Upande wa friji ndio uliobaki. Maombi yalikuwa mengi kuliko yote, na Kengele alijua vizuri nani anapaswa kupima mafundi friji, na kwa nini alikuwa akimkwepa. Jumapili moja akajikaza, akaenda. Alimkuta mzee palepale uani.

"Baba, wewe husema kizuri chajiuza."

"Nasema."

"Kuna dada mmoja anashona kola kuliko Mkasi. Amekaa chumbani miaka sita, wanaomjua ni majirani wanne. Kazi yake nzuri, lakini haikuwa na miguu ya kutoka nje. Mimi nimeipa miguu. Sasa ana wasaidizi wawili."

Mzee aliendelea kukaza kitu kilichokuwa kimeshakazwa. "Na vibaya? Navyo si unavipa miguu?"

"Ndiyo maana nimekuja, baba. Unichagulie. Mimi sauti ninayo, ila friji sizijui. Bila mtu kama wewe nitatembeza vibaya, kama usemavyo."

Mzee akakaa kitako chini, jambo alilolifanya pale tu anapokutana na hitilafu asiyoitegemea.

"Wamekuja wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Waje Jumamosi. Saa mbili kamili. Atakayechelewa dakika moja asipige hodi."

Jumamosi hiyo mzee alivaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa amechukua friji moja nzima, akalegeza waya mmoja tu, mdogo, nyuma ya kidhibiti baridi. Mmoja mmoja aliwaita uani, akawauliza: inaumwa nini? Wa kwanza aliigonga kifuani, akasikiliza, akasema kwa uhakika kwamba kompresa imekufa, lazima inunuliwe mpya.

"Asante," mzee alisema. Fundi alipotoka, akamgeukia Kengele. "Huyo mtoe. Huyo si fundi, ni mwizi mwenye bisibisi."

Sita waliupata ule waya. Mzee aliwapa chai, akawasimulia habari za friji za zamani mpaka jua likageuka, na walipoondoka alikuwa na furaha ambayo Kengele hakuiona usoni mwake tangu mkewe afariki.

Mwaka ulipofika mwisho hali ya mjini ilikuwa bado ngumu. Kampuni mbili za matangazo zenye maofisi ya vioo zilikuwa zimefunga, na Kengele hakufurahia hilo. Aliwajua watu waliokuwa wakifanya kazi humo, na mmoja wao, msichana wa takwimu, alikuwa sasa kwenye meza ya nne chumbani mwake. Ukurasa ulikuwa na mafundi mia mbili na kumi. Kila mmoja wao alikuwa amesimama mbele ya mzee mkali akapimwa, na Kengele aliweza kukutajia kila mmoja na alichofaulia. Alitembea barabarani akitazama shingo za watu. Akiiona kola iliyogeuzwa anaijua, na mara nyingi anajua hata ni mkono wa nani.

Siku moja ya Jumatano, saa tano asubuhi, mlango ulifunguliwa na baba yake akaingia. Kwa miaka yote ile hakuwa amewahi kupanda ngazi zile. Alikuwa na bahasha yenye majina ya mafundi wapya watatu, kitu ambacho angeweza kukisema kwa simu. Alisimama katikati ya chumba, akatazama meza nne, ukuta mweupe, karatasi za ratiba, leseni yenye jina alilolichagua yeye mwenyewe siku binti yake alipozaliwa. Aliisoma leseni mpaka mwisho, pamoja na namba.

"Karibu, baba. Kaa."

Kabla hajakaa, simu ya mezani ikalia. Kengele alikuwa amemshika mkono mzee, wifi alikuwa na kamera, Profesa alikuwa anatafuta neno. Mzee akanyoosha mkono akaipokea.

"Ofisi ya binti yangu," alisema, kifua mbele. "Tukusaidie nini?"

Alisikiliza, akaitikia, akaketi kwenye kiti cha Kengele bila kuuliza. "Inatoa maji chini? Ya rangi gani? Ahaa. Umeisukuma mpaka ukutani, siyo? Hapana, mama, usiite fundi. Nani? Hapana, hapana, usimlipe mtu yeyote. Ivute mbele kidogo, ipate pumzi. Nyuma kuna kitundu, chukua kijiti..."

"Wifi," wifi alinong'ona, "baba yako atatufilisi."

Lakini Kengele hakumsikia vizuri. Alikuwa anamtazama mzee, mkono mmoja kwenye simu, mwingine ukichora hewani mahali kitundu kilipo, akimfundisha mtu asiyemwona kwa sauti iliyokuwa ikifika, alilitambua sasa kwa mara ya kwanza, kutoka mezani mpaka ng'ambo ya barabara. Kumbe sauti yake mwenyewe haikutoka shuleni.

Alimgusa wifi begani, akaonyesha kamera kwa kidevu. Wifi akaelewa. Akawasha.